Lini useme "was doing" badala ya "did"? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakati uliopita wa kuendelea katika Kiingereza

Hapa kuna maswali ambayo wanafunzi wanaozungumza Kiswahili huuliza tena na tena kuhusu sentensi za aina ya *I was reading*. Vitabu vingine huuita wakati huu *past continuous*, vingine *past progressive*. Majina ni mawili, kitu ni kimoja. Mwenye haraka aanze na swali la 5, la 8, la 10 na la 12, kwa sababu huko ndiko Kiswahili chetu kinakotuponza zaidi.

## Umbo lake

1. Wakati huu unaundwaje?

Unahitaji vipande viwili: *was* au *were*, kisha kitenzi chenye *-ing*. *I, he, she, it* na jina la mtu au kitu kimoja huchukua *was*. *We, they, you* na majina ya wingi huchukua *were*. *You* huchukua *were* hata ukisema na mtu mmoja.

*I was reading* ni nilikuwa nasoma. *They were reading* ni walikuwa wanasoma. Kitenzi chenyewe hakibadiliki; anayebadilika kufuata kiima ni *was* na *were* peke yake.

Vipande vyote viwili ni lazima. *I reading* haijakamilika. *I was read* inamaanisha nilisomwa, kama vile wewe ni gazeti. *I was been reading* haipo kabisa katika Kiingereza sanifu, ingawa unaisikia kila siku.

Viima vichache vinasumbua. *Everyone* na *each of the students* huchukua *was*, kwa kuwa Kiingereza huwahesabu watu hao mmoja mmoja. *News* huchukua *was* licha ya ile *s* ya mwisho. *Police* huchukua *were* siku zote: *The police were searching the house.*

2. Nakanushaje, na naulizaje?

Kukanusha, weka *not* baada ya *was* au *were*: *I was not sleeping*, au kwa mkato *I wasn't sleeping*. Kiswahili kina njia mbili hapa, sikuwa nasoma na nilikuwa sisomi. Kiingereza kina hiyo moja tu, usiitafutie pacha.

Kuuliza, tanguliza *was* au *were* mbele ya kiima: *Were you sleeping? What was she doing?* *Did* haina nafasi humu. *Did you was sleeping* ni makosa.

Jibu fupi ni *Yes, I was* au *No, I wasn't.* Ila kuna mtego kwenye swali kanushi. Mwalimu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hukuwa unasikiliza?", nawe kweli hukuwa unasikiliza, unaweza kujibu "Ndiyo, sikuwa nasikiliza", yaani unakubaliana na usemi wake. Kwa Kiingereza *Weren't you listening?* hujibiwa kwa kutazama tendo lenyewe. Kama hukusikiliza, jibu ni *No, I wasn't.* Kama ulisikiliza, ni *Yes, I was.* Kwenye usaili wa kazi au maelezo ya polisi, kukosea hapa kunaweza kugeuza ushahidi wako wote.

3. Tahajia ya *-ing* ina kanuni gani?

Vitenzi vingi huongezewa *-ing* bila mabadiliko: *cook, cooking, study, studying*. Kitenzi kinachoishia kwa *e* isiyotamkwa huidondosha: *make, making, write, writing*. Lakini *see* na *agree* hubaki na *e* zao zote: *seeing, agreeing*. *Lie, die* na *tie* hugeuza *ie* kuwa *y*: *lying, dying, tying*.

Kitenzi chenye silabi moja kinachoishia kwa irabu moja na konsonanti moja hurudufisha konsonanti hiyo: *run, running, sit, sitting*. Herufi *w, x* na *y* hazirudufishwi, kwa hiyo ni *fixing* na *playing*. Kikiwa na silabi zaidi ya moja, angalia mkazo uko wapi. *Begin* hukazwa mwishoni, hivyo *beginning*. *Visit* na *open* hukazwa mwanzoni, hivyo *visiting* na *opening*. *Travel* ni kaidi: Waingereza huandika *travelling*, Wamarekani *traveling*. Shule zetu za Afrika Mashariki hufuata tahajia ya Uingereza, basi andika *ll*.

4. Matamshi je?

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawaijui. Sauti ya mwisho ya *-ing* ni ile ile ya mwanzo wa ng'ombe, si ya mwanzo wa ngoma. Tamka *cooking* ukiishia na ng' kama unaanza kusema ng'ombe kisha ukanyamaza. Usiongeze *g* nzito, wala irabu *i* mwishoni.

*Was* na *were* katikati ya sentensi hutamkwa haraka na kwa wepesi, karibu zimezwe. Hukazwa tu zinapobaki peke yake mwishoni, kama katika *Yes, I was*. Katika kuandika, usichanganye *were* na *where* au *we're*.

## Maana yake

5. *I cooked* na *I was cooking* zote ni za jana. Tofauti yao hasa ni nini?

*I cooked* hulichukua tendo zima, mwanzo hadi mwisho, na kulifunga. *I was cooking* hutuingiza ndani ya tendo likiwa bado liko wazi: lilikwisha kuanza, na kwa saa ile tunayoizungumzia lilikuwa halijaisha.

Linganisha. *When I arrived, she cooked supper*: nilipofika, alipika chakula cha jioni. Nilitangulia kufika, ndipo akaenda jikoni, pengine kwa ajili yangu. *When I arrived, she was cooking supper*: nilipofika, alikuwa anapika. Nilimkuta moto umeshawaka. Sentensi hizi zina maneno karibu yale yale, lakini matukio yake ni tofauti.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito: *was doing* haisemi kama tendo lilikamilika. *The boy drowned* maana yake mvulana alizama akafa. *The boy was drowning when the fishermen reached him* maana yake alikuwa anazama wavuvi walipomfikia, na huenda leo yuko hai. Vivyo hivyo *I wrote a letter*, barua ipo. *I was writing a letter*, barua huenda haikumalizika hata leo.

Kwa hiyo usijiulize tendo lilichukua muda gani. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba tendo refu ni *-ing* na tendo fupi ni *-ed*, na kanuni hiyo huvunjika mapema sana. *The Sultans of Oman ruled Zanzibar for many years*: utawala wa miaka mingi, bado ni *ruled*, kwa sababu tunautazama wote kwa pamoja kama jambo lililokwisha. Swali sahihi ni hili: kwa wakati ninaouzungumzia, tendo lilikuwa wazi au limefungwa?

6. Lini nitumie *when* na lini *while*?

Kiswahili kinatosheka na -po-: nilipofika, nilipokuwa nasoma. Kiingereza hugawa kazi. *While* hupenda tendo lililo wazi: *While I was bathing, the water ran out.* *When* hupenda tendo linalokatiza: *I was bathing when the water ran out.* Tukio ni lile lile, maji yalikatika nikiwa naoga. Kilichobadilika ni kishazi kilichobeba neno.

Matendo mawili yakienda sambamba, yote mawili huchukua *-ing*: *While Mother was frying the mandazi, we were washing the dishes.*

*During* hufuatwa na nomino, si sentensi. *During the lesson* ni sawa, *during I was sleeping* si sawa. Na kitenzi *be* hakihitaji *-ing* hapa: *while I was in Tanga* inatosha.

7. Katika kusimulia kisa, nachanganyaje nyakati hizi mbili?

Sikiliza masimulizi yako mwenyewe ya Kiswahili, maana jibu limo humo. Tazama kipande hiki:

Jua lilikuwa linazama. Wavuvi walikuwa wanakunja nyavu, na watoto walikuwa wanacheza mchangani. Mara mashua moja ikapinduka. Watu wakakimbilia majini, wakawavuta mabaharia, wakawaleta pwani.

Kwa Kiingereza: *The sun was setting. The fishermen were folding their nets and the children were playing in the sand. Suddenly a boat capsized. People ran into the water, pulled the sailors out and brought them ashore.*

Mandhari, yaani yale yaliyokuwa yakiendelea kabla kisa hakijachomoza, yamechukua *-ing*. Hatua za kisa, moja baada ya nyingine, zimechukua wakati uliopita wa kawaida. Na zile hatua katika Kiswahili zote zina -ka-. Hii ndiyo kanuni ninayoiamini kuliko zote kwa mwandishi wa insha: katika kisa kilichopita, kitenzi cha -ka- hakigeuki kuwa *was -ing*. Ukiona ikapinduka, andika *capsized*, kamwe usiandike *was capsizing*.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Wapo wanaoandika ukurasa mzima wa *was -ing*, wakidhani unapendeza. Msomaji hubaki ametazama mandhari, akisubiri jambo litokee.

## Pale Kiswahili kinapotuponza

8. "Nilikuwa naenda shule kwa miguu" ni *I was going to school on foot*?

Mara nyingi sivyo. Nilikuwa naenda, au nilikuwa nikienda, inabeba mambo mawili katika Kiswahili: tendo lililokuwa likiendelea saa fulani, na mazoea ya zamani. Msikilizaji wetu huelewa kwa muktadha. Kiingereza hakiachi jambo hilo kwenye muktadha.

Kama unazungumzia mazoea ya utotoni, sema *I used to walk to school* au *I walked to school*. *I was walking to school* itamfanya msikilizaji angoje: ulikuwa unatembea kwenda shule, halafu? Ukagongwa na baiskeli? Ukakutana na nani?

*Would* nayo inaweza kubeba mazoea: *Every evening my grandmother would tell us stories.* Lakini haibebi hali. Nilikuwa na baiskeli ni *I had a bicycle* au *I used to have a bicycle*. *I would have a bicycle* ni jambo jingine kabisa.

Mazoea huruhusu *-ing* katika nafasi moja: yakiwa ya muda mfupi na yanajulikana kuwa ya kupita. *That month we were eating at my aunt's house because our roof was leaking.* Mwezi ule tu tulikuwa tunakula kwa shangazi. Kwa upande wa lawama, soma swali la 9.

9. Mbona nimesikia *He was always borrowing money*? Hayo si mazoea?

Ni mazoea, lakini yaliyomchosha msemaji. *He always borrowed money* ni taarifa tu. *He was always borrowing money* ina sauti ya kulalamika: kila mara kukopa, kukopa. Mara chache huwa ni ya mapenzi, kama kusema *She was always laughing* juu ya mtu unayemkumbuka kwa wema. Bila *always, constantly* au *forever*, ladha hiyo hupotea.

10. Kwa nini mwalimu alikata *I was knowing him*?

Kwa sababu *know* ni kitenzi cha hali. Hali haina mwanzo na hatua zinazoendelea mbele ya macho. Ipo au haipo. Vitenzi vya namna hii huwa havichukui *-ing*: *know, understand, believe, remember, want, need, like, hate, own, belong, contain, cost, mean, seem*. Nilikuwa namjua ni *I knew him*. Nilikuwa sijui ni *I didn't know*. Nilikuwa nataka maji ni *I wanted water*. Nilikuwa nadhani yeye ni daktari ni *I thought he was a doctor*.

Vitenzi vya kuona, kusikia na kunusa vina njia yao, na ni njia nzuri ambayo hufundishwa kwa nadra. Kiingereza hutumia *could*. Nilikuwa namwona kwa mbali ni *I could see him in the distance*. Tulikuwa tunasikia sauti za watu ni *We could hear voices*. Ukisema *I was seeing her*, Mwingereza ataelewa kwamba mlikuwa wapenzi.

Baadhi ya vitenzi hivi vina maana ya pili ambayo ni tendo, na hapo *-ing* hukubalika. *I was thinking about the exam*: nilikuwa nawaza mtihani, akili ilikuwa kazini. *She was tasting the soup*: alikuwa anaonja mchuzi. *He was being rude*: kwa dakika zile alikuwa anafanya utovu wa adabu, pengine kwa kawaida ni mstaarabu. *He was rude* haisemi lolote juu ya kawaida yake.

11. *I was having a problem* ni kosa?

Katika Kiingereza kinachosemwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, *I was having a car* na *I was having two brothers* husikika sana, na watu huelewana. Chanzo chake ni rahisi kukiona: nilikuwa na gari. Lakini kwa mtihani, barua ya kazi au msomaji wa nje, kumiliki ni *had*: *I had a car, I had two brothers.*

*Have* ya tendo hupokea *-ing* bila shida: *We were having lunch. They were having a meeting. She was having a bath.* Shida nayo, kama ilikuwa inaendelea kukusumbua, inaweza kuingia hapa: *I was having problems with my phone.* Kipimo ni kuuliza kama *have* inaweza kubadilishwa iwe kula, kufanya, kuoga au kupitia jambo. Ikikataa, andika *had*.

12. "Alikuwa amesimama" si *had stood*?

Hapana, na hili ndilo kosa lililojificha kuliko yote, kwa kuwa sentensi unayopata huonekana safi kisarufi. Tumefundishwa kwamba alikuwa ame- ni *had*: alikuwa amekula ni *he had eaten*, sawa kabisa. Lakini Kiswahili hutumia -me- pia kwa mkao wa mwili na kwa kitu kilichoshikwa au kuvaliwa. Kiingereza hapo huhitaji *was -ing*.

Alikuwa amesimama mlangoni: *He was standing at the door.* Alikuwa amekaa chini ya mwembe: *She was sitting under the mango tree.* Alikuwa amelala: *He was sleeping*, au *He was asleep*. Alikuwa amebeba mtoto: *She was carrying a child.* Alikuwa ameshika tochi: *He was holding a torch.* Walikuwa wamejificha: *They were hiding.*

Kuvaa kunastahili mstari wake. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ni *He was wearing a white kanzu.* Alikuwa anavaa, yaani yuko chumbani anajitayarisha, ni *He was getting dressed.* Ukimweleza askari jinsi mwizi alivyokuwa, unataka ile ya kwanza.

Kikundi cha tatu hakichukui *had* wala *-ing*, bali *was* na kivumishi: alikuwa amechoka, *was tired*, alikuwa ameoa, *was married*, mlango ulikuwa umefungwa, *was closed*, alikuwa amekufa, *was dead*. Ukiandika *was dying* kwa hilo la mwisho umesema alikuwa anakata roho.

13. "Nilimkuta akilia" ni *I found her was crying*?

Ondoa *was*. Baada ya *see, hear, find, watch* na *catch*, -ki- yetu huwa *-ing* tupu: *I found her crying. We heard them singing.* Nilimwona akivuka barabara ni *I saw him crossing the road*, nilimwona akiwa katikati. *I saw him cross the road* ni nilimwona tangu upande huu hadi ule. Tofauti ni ile ya swali la 5, safari hii bila *was*.

Vivyo hivyo alikuja akikimbia, *He came running.*

14. Kiswahili husema "Alisema anafanya kazi Dodoma". Kiingereza je?

Kiingereza hurudisha kitenzi nyuma: *She said she was working in Dodoma*, hata kama mpaka leo anafanya kazi huko huko. Maneno yake yalikuwa *I am working*. Yakiripotiwa, *am* huwa *was*. Sisi huacha anafanya kama kilivyotamkwa, ndiyo maana wanaotafsiri taarifa za habari huliruka hili bila kujua. *She said she is working* si kosa kama jambo bado ni kweli, lakini katika mtihani ile ya kwanza ni salama.

## Matumizi ambayo si ya wakati uliopita kweli

15. Kwa nini mtu aseme *I was wondering if you could help me* na shida yake ni ya sasa?

Ni heshima. Kurudisha ombi nyuma hulipunguzia uzito, humwachia mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu. Sisi tunalijua sana jambo hili: ukifika ofisini unasema "Nilikuwa naomba kuonana na mwalimu mkuu", na hakuna anayekuuliza uliomba lini. Kiingereza kina misemo yake michache kwa kazi hii: *I was wondering if..., I was hoping to see the headteacher, I was thinking we could meet on Monday.* Jifunze hiyo kama ilivyo. *I was begging* haina adabu hiyo.

16. Nilikuwa nimekusudia kusafiri lakini sikusafiri. Nasemaje?

*I was going to travel to Tanga, but the bus broke down.* Nia ilikuwepo, safari haikuwa. *Going* hapa haina uhusiano na mwendo: *I was going to sleep* yaweza kuwa nilikuwa nataka nilale.

Mpango uliokuwa umeshafungwa, tiketi mkononi, huweza kuchukua *-ing* moja kwa moja: *I could not stay for the wedding because I was leaving the next morning.*

17. *If I were living in Nairobi* ni wakati uliopita?

Si wakati uliopita. Ni ningekuwa naishi Nairobi, jambo la kudhania la sasa: *If I were living in Nairobi, I would see you more often.* Maandishi rasmi hupendelea *were* kwa nafsi zote hapa. Katika mazungumzo *was* husikika sana.

## Yaliyobaki, na yenye utata

18. Jana saa mbili usiku nilikuwa nakula. Naandikaje?

*At eight o'clock last night I was eating.* Sarufi ni rahisi. Saa ndiyo hatari. Saa mbili yetu ni *eight*, na wengi huandika *two* huku *was* na *-ing* zikiwa sahihi kabisa. Katika maelezo ya tukio, tofauti hiyo ni saa sita nzima.

19. Nilisubiri saa mbili, ndipo basi likaja. *I was waiting for two hours when the bus came*?

Ukipima muda uliotangulia tukio, tumia *had been*: *I had been waiting for two hours when the bus came.* Bila kipimo cha muda, *I was waiting when the bus came* inatosha. *For* na *since* ndizo dalili kuu.

Muda mzima, kama *all night*, hukubali pande zote mbili: *It rained all night* ni taarifa, *It was raining all night* hukusikilizisha mvua. Idadi kamili haikubali: *I drank three cups of tea*, si *was drinking three cups*, kwani ukishahesabu vikombe umeshalifunga tendo.

20. *Was repaired* na *was being repaired* zinatofautianaje?

*The road was repaired*: barabara ilitengenezwa, kazi imekwisha. *The road was being repaired*: ilikuwa inatengenezwa, mafundi bado wako kazini. Umbo ni *was* au *were*, kisha *being*, kisha kitenzi cha kauli ya kutendwa.

Ukiona *being* inakuchosha ulimi, ujue Waingereza wenyewe waliichelewesha. Zamani walisema *the house was building* kwa maana ya nyumba ilikuwa inajengwa. *Was being built* ilianza kujitokeza mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 wapo wanasarufi walioilaani kuwa mbaya. Leo hakuna mbadala.

21. *The lesson was boring* ni wakati huu huu?

Hapana. *Boring* hapo ni kivumishi, kama *long* au *difficult*. Jaribu kuweka *very* mbele yake: *very boring* inakubalika, basi ni kivumishi. *Very cooking* haikubaliki, basi *was cooking* ni kitenzi. Na katika *My first job was teaching*, ile *teaching* ni jina la kazi, kufundisha.

22. Katika mtihani, kuna neno linaloniambia moja kwa moja nitumie *was -ing*?

*Yesterday* peke yake haisemi kitu. *Yesterday I slept* na *yesterday I was sleeping* zote zinawezekana. Dalili zenye nguvu ni *while, at this time yesterday, at that moment*, na saa maalumu. Hata hizo zipime: *At eight o'clock the bell rang* ina saa maalumu na bado ni *rang*, kwa sababu kengele ililia saa mbili kamili, haikuwa imeanza kabla.

Unapojaza nafasi, soma sentensi nzima kwanza, kisha fikiria tukio lenyewe likitendeka. *While the headteacher \_\_\_ to the parents, the lights went out.* Taa zilizimika mara moja. Hotuba ilikuwa wazi. Andika *was speaking*. *When the lights went out, everyone \_\_\_ for their phones.* Watu hawakuwa wakitafuta simu kabla ya giza. Walizitafuta baada yake. Andika *reached* au *searched*. Neno *when* limo humo, na *was -ing* haimo.